Mwenye Kuanzisha na Mwenye Kutunza

Lipo suala ambalo watu huliona dogo, na kwa hakika si dogo. Mtu akitoa mali yake kwa jambo la kheri, je, wajibu wake umekwisha siku ile kitu kilipozinduliwa, au wajibu huo waendelea muda wote ambao kitu hicho chatakiwa kufanya kazi? Na baina ya watu wawili, yule aliyekiunda kitu na yule anayekitunza kisife, ni yupi aliyesahauliwa katika mali ya wafadhili?

Wengi watajibu kwa ulimi kuwa wote wawili ni sawa. Lakini ulimi ni jambo moja na mkono ni jambo jingine. Tazama mkono wa mtoaji waelekea wapi, utaona kuwa mwanzishaji hupimiwa kwa frasila na mtunzaji hupimiwa kwa wakia, ikiwa hupimiwa kabisa.

Suala hili lafaa kuulizwa juu ya visima, shule na barabara. Katika kurasa hizi litaulizwa juu ya jambo moja tu, nalo ni zana za kisasa zitumiwazo kuhifadhi bahari na wanyama. Sababu ni kuwa hapo ndipo kosa linapofichika sana, na madhara yake humfikia maskini kabla ya kumfikia tajiri.

Khabari ya bahari ya Tanga

Asimamaye Raskazone, ncha ya mji wa Tanga iliyoingia baharini, huona ghuba na kisiwa cha Toten, na huona ngalawa na mashua zikitoka kwenda miambani. Miamba hiyo ya matumbawe ndiyo ghala ya wavuvi. Humo samaki hutaga, hujificha na hukua, na humo hutoka kitoweo cha nyumba nyingi zisizokuwa na shamba wala mshahara.

Tangu miaka ya 1960 ghala hiyo imekuwa ikipigwa kwa baruti. Mvuvi wa baruti huwasha utambi akatupa chupa, na kwa muda mchache hupata samaki wengi kuliko mvuvi wa mshipi apatao kutwa nzima. Lakini mlipuko hauchagui. Huua mkubwa na mdogo pamoja, na huvunja matumbawe yaliyochukua miongo ya miaka kukua, pakabaki vifusi visivyomficha hata changu mmoja. Na mara nyingine utambi huwa mfupi kuliko mwenyewe alivyodhania, mkono wake ukaenda pamoja na chupa.

Haikuwa kwamba watu walinyamaza. Mwaka 1994 ulianzishwa mkoani Tanga mpango mkubwa wa kuhifadhi mwambao, uliofadhiliwa na Serikali ya Ireland na kusaidiwa kwa utaalamu na shirika la IUCN. Vijiji vilikubaliana ni wapi pa kuvua na ni wapi pa kupumzishwa, wanavijiji wakafunzwa kuhesabu samaki na kupima matumbawe, na doria zikatoka. Mpango huo ulikwisha mwaka 2007. Mwaka 2009 ilitangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, yenye kilomita za mraba 552. Silikanti ni yule samaki wa kale aliyedhaniwa ametoweka duniani mpaka alipoonekana Afrika ya Kusini mwaka 1938, na ambaye tangu mwaka 2004 wavuvi wa Tanga walimnasa mara nyingi katika majarife ya maji marefu. Na mwaka ule ule wa 2009 mtaalamu Sue Wells alieleza katika jarida la ilimu ya bahari kwamba uvuvi wa baruti ulikuwa ungali umeenea kaskazini mwa Tanzania, ijapokuwa wawezekana kuzuiwa.

Ipange miaka hiyo kwa utaratibu, ewe msomaji, kisha uizingatie. Mwanzo haukukosekana, mianzo ilikuwa mingi, na ilikuwa mizuri. Kilichokuwa kizito ni kuudumisha mwendo baada ya mwanzo kupita.

Sikio la chini ya maji

Kwa miaka mingi watu walibishana juu ya baruti. Huyu alisema milipuko ni michache, yule akasema ni mingi, na kila mmoja alitoa ushahidi wa masikio yake mwenyewe. Katika mwezi wa Machi na Aprili mwaka 2015 wataalamu walipita mwambao wa Tanzania kwa chombo, wakivuta nyuma yao kinasa sauti cha chini ya maji. Sauti hupita majini kwa mwendo wa takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani, na mlipuko husikika mbali sana. Katika saa 231 za kusikiliza, walithibitisha milipuko 318, na zaidi ya nusu yake ilitokea ndani ya kilomita 80 za Dar es Salaam. Hapo ubishi ukapungua. Jambo lililokuwa maneno ya barazani likawa hesabu, na hesabu ni hoja ambayo hakimu na waziri hawawezi kuipuuza kwa urahisi. Miaka iliyofuata doria zilitiwa nguvu, na milipuko ikapungua sana.

Watu waliposikia khabari hiyo waliisifu mashine, na mashine yastahiki sifa. Lakini yafaa kuuliza ni nani aliyeifanya iweze kusikia.

Kinasa cha namna hiyo kikitegwa baharini kwa miezi, kwanza hufunguliwa na kufungwa kwa uangalifu mkubwa. Pete ya mpira inayoziba mlango wake husafishwa, ikapakwa grisi; unywele mmoja au chembe moja ya mchanga ikibaki juu yake, maji ya chumvi huingia na chombo kizima huwa taka. Betri hubadilishwa. Saa yake husawazishwa, kwani saa ikipotoka haitajulikana mlipuko ulitokea lini, wala hautalinganishwa na uliosikiwa na kinasa kingine. Baada ya miezi mzamiaji hukitoa kikiwa kimevikwa mwani na chaza, naye hukikwangua taratibu asikivunje. Yaliyomo hunakiliwa mara mbili na kuwekwa mahali pawili. Kisha mtu huketi na kusikiliza, akatenga mlipuko na mngurumo wa injini, na na mlio wa kamba wadogo wa miambani unaoalika kama kuni mbichi motoni.

Hakuna hata kazi moja katika hizo ipigwayo picha. Hakuna mgeni wa heshima aitwaye kuja kukata utepe kwa ajili ya pete ya mpira. Na ikiwa pete hiyo haikutunzwa, ramani yote iliyosifiwa haipo.

Programu nayo huoza

Wako wanaokubali kuwa chuma hushika kutu na mpira hupasuka, lakini hudhani kuwa programu ya kompyuta ikiisha kuandikwa imekwisha, kama maandishi yaliyochongwa juu ya jiwe. Dhana hiyo si sahihi. Programu husimama juu ya programu nyingine, na hizo hubadilika kila mwaka. Kompyuta mpya huja na desturi mpya, vinasa vipya huandika sauti kwa namna mpya, na makosa yaliyokuwa yamejificha hufichuka. Programu isiyoguswa miaka mitano haibaki pale ilipokuwa. Dunia huondoka chini yake, nayo ikaanguka bila ya kuguswa na mtu.

Mfano ni PAMGuard, programu itumiwayo duniani kusikiliza nyangumi, pomboo na sauti nyingine za baharini. Hutolewa bure, na watunzaji wake wakuu wako katika Chuo Kikuu cha St Andrews, huko Uskoti. Mtu wa Tanga, wa Mombasa au wa Muscat aweza kuichukua asilipe kitu. Lakini neno bure lina pande mbili: ni bure kwa mwenye kuchukua, wala si bure kwa mwenye kuitunza. Yeye hutumia umri wake kujibu maswali ya watu asiowajua na kurekebisha makosa ambayo yakisharekebishwa hakuna ayakumbukaye.

Na asidhani mtu kuwa khatari hii ni ya watu wa uhifadhi peke yao. Mwaka 2014 iligunduliwa tundu kubwa katika OpenSSL, programu iliyokuwa kama kufuli ya siri kwa sehemu kubwa ya mtandao wa dunia. Tundu hilo liliitwa Heartbleed. Watu walipouliza ni nani mlinzi wa kufuli hiyo iliyotumiwa na mabenki na serikali, wakaona kuwa alikuwapo mtu mmoja tu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo muda wote, na kwamba michango ya hiari iliyokuwa ikiingia ilikuwa karibu dola 2,000 kwa mwaka. Matajiri wote wa dunia waliegemea ukuta mmoja, wala hapana aliyeuliza ni nani anayeupaka chokaa. Mwaka huo huo baada ya aibu hiyo, makampuni makubwa yakachanga.

Hali ya nchi kavu si mbali na hiyo. Huko Serengeti, kuanzia mwaka 2010, zilitegwa kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125 ili wanyama wajipige picha wenyewe wapitapo. Kamera hizo kufikia mwaka 2013 zilikuwa zimetoa mafungu ya picha milioni 1.2. Ni kazi ya ajabu. Lakini kamera haimjui mtafiti wala tembo. Tembo huing'oa, fisi huitafuna, mvua huingia ndani na majani hukua mbele ya kioo chake. Lazima awepo mtu wa kuizunguka moja baada ya moja, na kuizunguka tena, na tena. Huyo ndiye anayezifanya kamera 225 zibaki kamera 225.

Kwa nini mtoaji humkimbia mtunzaji

Sababu ni tatu. Ya kwanza ni jicho. Kitu kipya huonekana, na kisichoharibika hakionekani. Mashua mpya ya doria hupigwa picha pwani. Injini iliyobadilishwa mafuta kwa wakati haipigwi picha. Ya pili ni hesabu. Mfadhili hutaka kuambiwa ameongeza kitu gani, na karatasi yake ya ripoti haina mahali pa kuandika khasara ambayo haikutokea. Ya tatu ni muda. Ruzuku aghalabu hupewa miaka miwili au mitatu, na bahari haina mkataba wa miaka mitatu.

Lakini liko baya zaidi ya hayo matatu, na hilo halisemwi waziwazi. Mtunzaji akijua kuwa akiomba fedha za matengenezo atanyimwa, hulazimika kuivisha kazi yake nguo isiyokuwa yake. Huita ukarabati kuwa mradi mpya. Hubadili jina la chombo, huongeza kipengee kisichohitajiwa na mtu, kisha kwa siri hutumia fedha hizo kuziba matundu. Yeye hakuiba, lakini hakusema kweli. Na mfadhili hakudanganywa na mwizi, bali amedanganywa na sharti lake mwenyewe. Mlango wa haki ukifungwa, watu wema hupita dirishani. Huo ni uharibifu wa tabia, na uharibifu wa tabia hautengenezwi kwa grisi.

Walivyoamua watu wa wakfu

Watu wa mwambao hawana haja ya kwenda mbali kutafuta jawabu, kwani fikihi iliwatangulia wafadhili wa leo kwa karne nyingi. Wakfu ni mali iliyozuiliwa asili yake ili manufaa yake yatiririke. Ikiwa asili itakufa, hakuna tena cha kutiririka. Kwa hiyo wanavyuoni hawakuiacha khabari ya matengenezo iwe hisani ya mwenye kupenda. Imam Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra (1277), katika Minhaji yake aliihesabu imara, yaani matengenezo, kuwa ni katika kazi za nadhiri mwenyewe, pamoja na kukodisha, kukusanya mapato na kuyagawa. Na Mahanafi wamesema kuwa imara hutangulia katika mapato kabla ya mgao, hata kama mwenye kuweka wakfu hakulishurutisha jambo hilo. Maana yake ni wazi: paa huzibwa kwanza, kisha maskini hugawiwa, kwa sababu maskini wa mwaka ujao naye ana haki.

Tazama pia zaka. Katika mafungu manane ya wenye kuistahiki, limo fungu la wanaoifanyia kazi: mwenye kuikusanya, kuiandika na kuihifadhi. Mtu huyu hupewa kwa sababu ya kazi yake, wala haikusemwa kuwa kumlipa ni kuwapunguzia mafakiri. Ikiwa katika mali tukufu kama hiyo mwandishi na mlinzi wana sehemu yao, ni kwa hoja gani mfadhili wa leo aone haya kumlipa mwenye kulinda kinasa au programu?

Na khabari ya yule aliyekuwa akifagia msikiti wa Madina ni mashuhuri. Alikufa, watu wakamzika bila ya kumjulisha Mtume, sala na amani zimshukie, kana kwamba waliiona habari yake ni ndogo. Mtume alipomkosa aliuliza, akaonyeshwa kaburi lake, akamsalia. Kufagia hakuonekani illa siku mfagiaji anapokosekana, Mtume alikuona.

Hoja na majibu yake

Atasema msemaji: fedha za matengenezo hazina mwisho. Jawabu: ni kweli, lakini haja nayo haina mwisho. Waundao vyombo vya bahari wajua kuwa jahazi hupandishwa ufukoni, ikatiwa kalafati na kupakwa deheni, kila mara mpaka itakapovunjwa. Hakuna nahodha asemaye, "Nimekwisha kuipaka mwaka juzi." Mwenye kununua jahazi na asiweke fungu la kalafati hakununua jahazi, amenunua kuni zilizochelewa kukauka.

Atasema mwingine: wapewao watalemaa, na afadhali wajitegemee. Hoja hii ina uzito, na yapasa kugawanywa. Liko tunzo ambalo wenyeji waliweza, kama kuosha mashua, kulinda betri, kufunza kijana mmoja au wawili wa kijiji kufungua na kufunga kinasa. Hilo ni lao, na kumngojea mgeni alifanye ni uvivu. Lakini liko tunzo la kitu cha umma wote, kama programu itumiwayo na nchi mia. Hilo hakuna kijiji kiwezacho kulibeba, wala si haki kumtwika mtu mmoja kwa kuwa tu ana moyo mzuri. Hilo lafanana na faradhi ya kifaya: wakilisimamia baadhi, wengine husalimika, wakiliacha wote, lawama ni ya wote, na kubwa zaidi ni ya wenye uwezo.

Atasema wa tatu: mara nyingine kipya ni bora kuliko cha kale. Hapana ubishi. Kutunza si kuabudu vikuukuu. Chombo kisicholeta tena manufaa kiachwe kwa heshima, na yaliyohifadhiwa ndani yake yahamishwe salama, na hata kuhama huko ni kazi ya mtunzaji. Kinacholaumiwa ni kuacha kizuri kife, kisha kununua mfano wake kwa bei mara mbili na kuita huko maendeleo.

Na ucheleweshaji una ghadhabu yake. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, iliachwa ikachakaa. Mwaka 2012 sehemu yake ilianguka, na tarehe 25 Disemba 2020 upande mkubwa uliporomoka ilhali matengenezo yamekwisha kuanza, wakafa watu wawili. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mara nyingine ukuta huanguka juu ya yule aliyetumwa kuziba.

Lifaalo kutendwa

Haifai kusema kuwa wafadhili wote wamelala. Mwaka 2019 huko Marekani taasisi ya Chan Zuckerberg ilianza kutoa ruzuku khasa kwa programu huria ambazo wanasayansi huzitegemea, matunzo yake yakiwamo, na mwaka 2022 Ujerumani ikaanzisha mfuko wa serikali wa kutunza programu za msingi. Njia imekwisha kufunguliwa. Lililobaki ni kuifikisha mpaka kwenye mwamba, kwa yule mwenye grisi mikononi.

Basi kila mwenye kutoa, na kila mwenye kuomba, na ajiulize mambo manne kabla ya kutia sahihi. Ni nani atakayekitunza kitu hiki, kwa jina la kazi yake na ujira wake? Ni fungu gani la mali limewekwa kwa ajili hiyo tangu siku ya kwanza, lisiguswe kwa jambo jingine? Mwaka wa ruzuku ukiisha, nani ataipokea amana? Na siku chombo kikifa, yaliyomo ndani yake yatakwenda wapi? Asiyeweza kuyajibu manne haya hajawa tayari kuanzisha. Na mfadhili asiyetaka kuyasikia hajatoa sadaka, amenunua picha.

Wajibu hauko kwa mtoaji peke yake. Mwenyeji apewaye chombo akakiacha kiote kutu huku akiandika barua ya kuomba kingine, naye amefanya khiana katika amana. Na wakubwa wa idara wamkumbuke mtunzaji kabla hajaondoka, si baada yake. Wamlipe kwa wakati, wamfunze wa pili wake, na jina lake liandikwe katika ripoti kama yaandikwavyo majina ya waliokata utepe.

Huenda mtu akasema kuwa haya yote ni maneno mengi juu ya pete ya mpira. Na aende akamwulize mvuvi wa mshipi wa Sahare, ambaye hana baruti wala hataki kuwa nayo. Yeye hajui majina ya programu. Ajua tu kuwa sikio la baharini likizibika, mwenye chupa hurudi, na mwamba uliochukua umri wa baba yake na babu yake kukua huvunjwa asubuhi moja kabla chai haijapoa. Haki ya mtu huyo imo mikononi mwa mtunzaji asiyemjua, na mtunzaji huyo yumo mikononi mwa mtoaji asiyemwona. Kila mmoja wao ataulizwa juu ya kilichokuwa mkononi mwake.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.